Mtu Anapita

Nyumba yetu haionekani kutoka barabarani. Ukiteremka Gikondo kwa ile barabara ya mawe iliyo nyuma ya magereji, utaona geti jeusi la jirani yetu, ukuta wake, mapaa ya vyumba vyake vya kupangisha, na pembeni mwa ukuta huo upenyo ambao mgeni hudhani ni mfereji wa maji ya mvua. Hiyo ndiyo njia yetu. Nimeshawaelekeza watu wengi kwa simu: hapana, usiende mbele, ni hapo hapo uliposimama, ingia ubavu ubavu. Wakifika huwa wanacheka huku wakijipangusa vumbi la saruji mabegani. Mimi sicheki.

Zamani haikuwa hivyo. Tuliporudi Rwanda kutoka Bujumbura, nilikozaliwa na kukulia, mama alinunua kiwanja cha chini kwa sababu cha chini ndicho alichokimudu. Mwenye kiwanja cha juu alimwachia njia ndani ya ardhi yake, pana ya kupita gari, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kupita. Upande mmoja kuna ukuta wa ghala, upande wa pili bonde la maji, na nyuma yetu mteremko wa kuvunja shingo. Walikubaliana mbele ya majirani kwamba ardhi ni ya wa juu, kupita ni kwa wa chini, leo na siku zote. Hakuna aliyeandika kitu wala aliyeona haja ya kuandika. Kabati la mama, lile zito lililotoka naye Bujumbura, lilishushwa kwa njia hiyo likiwa limesimama, na waliolibeba walikuwa wakipiga soga.

Mama aliipanda njia ile kila alfajiri kwenda misa. Alikuwa mtu wa adabu mpaka inakera. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Hilo sikulirithi. Hasira zangu ziko karibu, nazijua mwenyewe, na wateja wangu wa mapazia kule Muhima wanazijua pia.

Yule mwenye kiwanja cha juu aliuza akahama, akaja jirani tuliye naye sasa. Amekulia Uganda, ni mkandarasi, ana gari la kubebea mchanga na kicheko kikubwa. Sitadanganya kwamba tulimchukia toka mwanzo. Nguzo yetu ya umeme ilipoangushwa na mvua, yeye ndiye aliyeleta watu wake wakaisimamisha. Mama alimpenda. Kwa hiyo siku alipoteremka kwetu na kreti ya bia na kreti ya fanta kuomba aitumie njia kwa sherehe ya binti yake, hata mimi nilisema ndiyo kabla hajamaliza.

Ilikuwa siku ya posa, gusaba kama tunavyoiita huku. Alitaka kufunga hema juu ya njia, kwa kuwa uwanja wake wote ulikuwa umejaa kokoto. Siku moja tu. Ili wageni wasizame kwenye matope akamwaga sakafu nyembamba ya saruji, na mama akasema ni vizuri, hata sisi sasa tutapita bila kuchafua viatu.

Asiyewahi kuhudhuria gusaba ajue hivi: familia mbili huketi zikitazamana, na kila familia ina msemaji wake. Wasemaji hao hushindana kwa maneno kabla hata binti hajaonekana. Wanadanganya, na kudanganya ndiko wanakolipiwa. Huyu atasema hajawahi kusikia kwamba nyumba hii ina binti, yule ataapa kwamba ng'ombe wa kwao wakianza kunywa maji mto unakauka. Watu hucheka na kupiga makofi. Hakuna mwenye akili timamu anayebeba maneno yale akaenda nayo nyumbani.

Msemaji wa bwana harusi alitania kwamba wamekuja na ng'ombe wao kutoka mbali, lakini wanaona hapa ni padogo, hao ng'ombe watageukia wapi? Msemaji wa jirani yetu, mzee mmoja wa Remera anayekodiwa kwa kazi hiyo, akainuka na fimbo yake. Akajibu, kwa Kinyarwanda kitamu ambacho mimi mtoto wa Bujumbura nakisikia lakini sikiwezi, kwamba kutoka barabarani hadi kwenye ule mparachichi wa chini yote ni mali ya nyumba hii, hakuna apitaye hapa ila kwa hisani yao, ng'ombe waje wacheze wanavyotaka. Kama wanabisha, wamuulize yule mama jirani aliyeketi pale. Yeye ni shahidi.

Mparachichi wa chini uko mlangoni petu. Ni wetu.

Watu wote wakageuka kumtazama mama. Nilikuwa nimeketi kando yake, nimevaa mshanana, vazi letu la sherehe la kufunga begani, na nilihisi damu inanipanda kichwani. Nilijua ni mzaha. Lakini nilikuwa nimemwona jirani alivyoupokea mzaha ule. Wenzake walikuwa wakicheka, yeye alikuwa akiutazama mparachichi. Nikaanza kuinuka. Mama akalishika pindo la mshanana wangu, chini chini, akanivuta mpaka nikakaa.

"We mutoto, kaa," akaninong'oneza. "Ni maneno ya harusi. Utaaibisha watu mbele ya wakwe zao sababu ya njia?"

Kisha akamtazama msemaji, akatabasamu, akapiga makofi.

Hema liliondoka kesho yake. Sakafu ya saruji ikabaki, na juu ya sakafu hiyo gari la mchanga likaanza kulala. Nilipouliza niliambiwa ni la wiki hiyo tu. Baada ya gari yakaja matofali, baada ya matofali nondo, na kila kitu kilikuja na samahani yake na kicheko chake. Nilitaka twende kwa mkuu wa mtaa. Mama akakataa katakata, akasema jirani si mtu wa kupelekwa, jirani ni mtu wa kuambiwa. Yeye mwenyewe hakumwambia kitu.

Kisha mama akaanguka. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia, na kikamchukulia maneno. Alirudi kutoka hospitali na neno moja tu, "hapa", alilolitumia kwa maji, kwa maumivu, kwa mto wa kulalia na kwangu mimi. Kinamama wa kanisa wakamletea kiti cha magurudumu, kizito, cha kuungwa kwa moto, kisichokunjika. Mganga wa mazoezi hakunificha. Alisema mama aletwe kwake kila wiki, na siku nyingine atolewe nje, aone watu, asikie kelele. Akifungiwa ndani, alisema, ataisha.

Basi hiyo ndiyo ikawa kazi yangu duniani, kumtoa mama nje. Jumapili nilimsukuma katikati ya matofali ya jirani, tukigonga huku na huku, nikitukana kimoyomoyo kwa sababu tulikuwa tunakwenda kanisani. Tukifika barabarani mama alishusha pumzi ndefu, utadhani yeye ndiye aliyesukuma. Alinyoosha mkono wa kushoto kuonyesha pikipiki, wauza ndizi, mafundi waliojaa grisi, na kusema "hapa, hapa", na upande mmoja wa uso wake ulikuwa na furaha. Nilifurahi mimi pia. Sijui kama niliwahi kufurahi hivyo kabla yake.

Siku moja nilirudi kutoka Muhima nikakuta ukuta. Asubuhi haukuwepo. Mafundi walikuwa wengi kama siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima, na ukuta ulikuwa umefika kiunoni, umesimama juu ya njia, umeimeza karibu yote. Upande wa pili walikuwa wamechimba misingi ya vyumba. Jirani alikuwepo, na mikono yake mfukoni.

"Jirani, mama atapita wapi?"

"Mama atapita hapa. Nimeacha nafasi, ona." Akaingia kwenye upenyo, mabega kayakunja. "Mimi napita, na mimi niko munene."

"Mama yuko kwenye kiti."

"Mubebe mugongoni, nyabo. Mukecuru, bibi muzee kama huyu, iko mwepesi." Akatoka akijipangusa. "Usikasirike. Ardhi ni yangu, hati iko na mimi. Na mama yako alikubari mbere ya watu, siku ya gusaba. Watu wote walimuona."

Nilicheka. Kweli nilicheka, nikidhani anatania.

Nilikwenda kwa wapatanishi wa mtaa, wale tunaowaita abunzi. Walikuja alasiri moja wakaketi kwenye benchi juu ya ile saruji ya harusi, wazee wawili na mwenyekiti wao, mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Majirani nao wakajaa, maana kesi ya watu wengine ni starehe. Nilieleza yote toka kabati la mama. Nilieleza habari ya kiti. Wazee wakatikisa vichwa, wakamhurumia mama, na nikaona mambo yanakwenda vizuri.

Ndipo jirani akatoa simu.

Ilikuwa video ya gusaba. Msemaji akasikika na mparachichi wake na shahidi wake, halafu kamera ikageuka, na mama akajaa kwenye kioo. Alikuwa amevaa mshanana wa buluu. Alitabasamu kwa mdomo mzima, akapiga makofi, mkono wa kulia ukiupiga wa kushoto kwa nguvu. Sikuwa nimeiona picha ile. Nilisahau kwamba nina kesi. Nilikuwa nauangalia ule mkono wa kulia, na kama jirani angenipa simu ile nikae nayo hata kidogo, ningemwachia jioni yote anitukane.

"Amesikia, hakubisha, amepiga makofi," akasema mwenyekiti.

Nikawaambia ni gusaba! Nani kati yenu hajui kwamba kwenye gusaba watu wanadanganya? Wazee wakacheka, wakakubali. Msemaji hudanganya, wakasema, hilo linajulikana.

"Lakini mukecuru hakuwa musemaji," akasema mwenyekiti. "Yeye alikuwa mugeni tu. Mugeni anadanganya nini?"

 Jibu lake nalitafuta mpaka leo.

Mwenyekiti, kwa kutaka kutenda haki, akasema lazima mama aulizwe mwenyewe. Akapita kwenye upenyo ubavu ubavu, akateremka mpaka mlangoni petu, akapiga magoti mbele ya kiti. Nilisimama nyuma yake. Akamuuliza kwa heshima kama ni kweli aliiachia njia siku ile. Mama akatazama juu, kule ukutani, akainua mkono wa kushoto akiuelekeza kwenye njia. "Hapa," akasema. "Hapa. Hapa." Alilirudia mpaka mate yakamtoka, nami nikamfuta.

Tuliporudi juu, mwenyekiti akawaambia wenzake kwamba mukecuru hawezi kujibu.

Mzee mmoja akapewa kidumu cha maji apite nacho kwenye upenyo. Akapita, kidumu kikikwaruza, akarudi. Uamuzi ukatolewa hapo hapo. "Njia haikufungwa. Iko. Mutu anapita." Jirani akanipa mkono mbele ya watu wote. Niliupokea, kwa sababu mama alikuwa anatazama.

Nilikwenda na kwingine, ofisi ya ardhi. Nikaonyeshwa ramani, na kwenye ramani ile njia imo ndani ya kiwanja cha jirani, hakuna alama yetu yoyote. Niliambiwa mahakama ipo. Lakini mama alikuwa hawezi kuachwa, na duka langu la mapazia lilikuwa limeanza kukosa wateja, na kila nilipotaka kuanza nilikuta nimechoka.

Mganga wa mazoezi akawa anakuja nyumbani, kisha akaacha kuja. Jumapili moja nilimbeba mama mgongoni. Katikati ya upenyo mguu wake mbovu ukabaki nyuma, ukaburuzwa kwenye matofali, ukachubuka toka goti hadi kifundo. Hakupiga kelele. Nilijua tu kwa sababu machozi yake yaliniangukia shingoni. Kanisani kila mtu alinisifu kwa kumbeba, na mama aliketi amefunga macho misa nzima. Jumapili iliyofuata nilipochuchumaa ili apande, alikamata fremu ya mlango kwa mkono wa kushoto, na sikuweza kumbandua. Nilimsihi, nikamfokea, nikalia. Hakuachia.

Hakutoka tena. Alikaa mlangoni kwenye kiti akiutazama ukuta, na nyuma ya ukuta tulisikia redio za wapangaji. Sababu nyingine za kufa alikuwa nazo, mtu wa haki angesema hivyo, na mimi nasema aliisha kwa kukosa barabara. Neno lake lile moja nalo lilipotea. Alikufa asubuhi ya mvua, nyumbani, mkono wake wa kushoto ukiwa ndani ya wangu.

Jeneza liliingia tupu, limelazwa ubavu. Kutoka lilikuwa na mama. Wabebaji walifika kwenye upenyo wakasimama, wakatazamana. Mmoja akasema chini chini kwamba tukiliinamisha litapita. Nikasema mama yangu hainamishwi.  Tukabaki tumesimama hapo, mvua ikidondoka juu ya kifuniko, padri akisubiri juu, na hakuna aliyekuwa na la kufanya.

Jirani akatokea. Alikuwa amevaa suti nyeusi ya msiba. Akavua koti, akampa mkewe, akaagiza nyundo kubwa, akaanza kuubomoa ukuta wake mwenyewe. Hakumwachia fundi. Alipiga mpaka shati likamgandia mgongoni, na matofali yakaanguka, na pakafunguka mahali pa kupita gari. Wanawake wakaangua kilio upya, safari hii kwa ajili yake. "Huyo ndiyo jirani," nilisikia. "Mungu amubariki." Mama akapanda njia yake akiwa amelala sawasawa, mabegani mwa wanaume waliokwenda bega kwa bega bila kugusa kitu.

Matanga tuliyakalia uani kwa jirani, kwa kuwa kwetu hapatoshi. Alituletea hema. Alituletea viti. Tulifunga hema pale pale, juu ya saruji ile ile, na watu waliingia na kutoka kupitia tundu la ukuta, wakisema kila mara jinsi jirani alivyo mtu wa watu.

Siku ya kuanua matanga, mjomba wangu aliyekuja kutoka Bujumbura, asiyejua lolote, akasimama kushukuru kwa niaba ya ukoo. Akawashukuru kinamama wa kanisa, akawashukuru wapishi. Kisha akamshukuru jirani, "huyu baba aliyetupa njia." Makofi yakapigwa. Watu wote wakageuka kunitazama mimi.

Nilikuwa nimevaa mshanana ule ule. Niliketi kidogo nikingoja, na nilijua ninachongoja. Hakuna mkono ulionivuta. Nikasimama.

"Hakutupa," nikasema. "Njia ni yetu. Ilikuwa ya mama toka siku alipofika hapa. Amekaa ndani akiitazama mpaka akafa, na huyu baba amemfungulia alipokuwa maiti. Nawaambieni mbele yenu wote, nyinyi ni mashahidi: njia ni yetu, na sijampa mtu."

Nilisema yote hayo, kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda changu kibovu, bila kulia. Nilitazama nyuso moja moja. Wale abunzi walikuwepo, wote. Hakuna aliyetoa simu.

Jirani akaja taratibu, akanikumbatia. Alinuka sabuni. "Ihangane," akaniambia, neno letu la pole, na macho yake yalikuwa na machozi, na naamini yalikuwa ya kweli. Kisha akawageukia watu. "Tumusamehe. Mama ni mama. Ni uchungu inasema."

"Ni uchungu," wakaitikia. "Ihangane, mwana. Ihangane." Mwenyekiti mwenye sauti ya upole akanishika bega akanikalisha, akanifunika vizuri kwa pindo la mshanana lililokuwa limenidondoka. Mtu akaniletea fanta. Mama alinyamaza, wakahesabu kwamba amesema. Mimi nilisema, wakahesabu kwamba nimelia.

Kabla ya Jumapili ukuta ulikuwa umesimama tena. Matofali mapya yana rangi tofauti kidogo na ya zamani, ukiangalia vizuri utaona mlango wa mama ulipokuwa.

Mwezi uliofuata kinamama wa kanisa walikuja kukiomba kile kiti, kuna mgonjwa mwingine anayekihitaji. Tulikivuta mpaka kwenye upenyo, tukakigeuza hivi na vile, tukakiinua, kikakwama. Wiki nzima ukuta ulikuwa wazi, na sikukumbuka kukitoa. Tukakirudisha mlangoni pale kinapokaa siku zote. Kinamama wakaniaga, wakaondoka mmoja mmoja, ubavu ubavu.